Kisu kidogo cha kazi: stenlesi au chuma cha kaboni?

#1 Baluku_Chumvi (Katwe, Kasese)
Salaam wanajukwaa. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa.

Nataka kisu kidogo kisichokunjwa, ubapa wa urefu wa kiganja hivi, wa kuvaa kiunoni kutwa. Kazi zake: kukata kamba na magunia kwenye mabwawa ya chumvi, kumenya ndizi na muhogo, kuparua samaki jioni, na kuchuna mbuzi kukiwa na sherehe. Fundi mmoja wa Kasese mjini yuko tayari kunifulia kwa springi ya lori, ambayo ni chuma cha kaboni. Dukani nako nimeonyeshwa cha stenlesi kinachong'aa. Bei zimekaribiana, kwa hiyo pesa si hoja.

Kinachonitatiza ni kwamba nimewahi kuwa na cha stenlesi na kikashika kutu. Siyo ile ya juu unayofuta kwa kitambaa. Ni vidoa vyeusi vilivyochimba, ncha ya sindano inazama ndani, na vingi viko pale ubapa unapoingia kwenye mpini. Kisu cha marehemu babu, cheusi tii, kipo jikoni kwa mama mpaka leo na kinakata. Kama stenlesi haishiki kutu, changu kilipatwa na nini? Na sasa nichukue kipi?

#2 Boda_Mbarara
Kaboni. Tufunge uzi tukalale.

#3 Hajati_Masese (Jinja)
Usifunge, mwanangu, anayemenya ndizi kila siku hajaongea bado.

Kisu cha kaboni na utomvu wa matoke havipatani. Ndizi za mwanzo zinatoka safi, ukifika katikati ya mkungu zina michirizi ya kijivu, na kisu ukikiacha mezani bila kukiosha unakikuta kimegeuka rangi. Limau hivyo hivyo. Kitunguu hivyo hivyo, na harufu ya chuma inabaki kwenye kachumbari. Mimi nina kidogo cha stenlesi, naosha, naweka, basi. Cha kaboni mpeni anayekata miti.

#4 FundiNyundo (Katwe)
Bwana Baluku, tuko jirani, pita kibandani kwangu nikuonyeshe springi nilizonazo. Nafua visu, patasi na mapanga. Kwa kazi ulizotaja, springi ya lori haina mpinzani. Ina kaboni karibu asilimia 0.6 na madini ya manganizi na kromiamu kidogo, imetengenezwa ipindwe maelfu ya mara bila kuvunjika. Kisu chake kikianguka kwenye jiwe kinapinda au kinachubuka, hakikatiki vipande.

#5 Dereva_Malaba
Fundi, soma vizuri. Yeye yuko Katwe ya chumvi kule Kasese, wewe uko Katwe ya Kampala. Kati yenu kuna safari ya siku nzima, jirani gani huyo?

#6 FundiNyundo (Katwe)
Kweli. Basi namsalimu fundi wa Kasese, kazi ni moja.

#7 Mwalimu_Kemia (Mbarara)
Nianze na kutu, kwa sababu ndiyo iliyomleta.

Stenlesi ni chuma chenye kromiamu ya kutosha, kuanzia kama asilimia 10.5. Za visu nyingi huwa na 13 na kupanda. Kromiamu ikikutana na hewa inajenga utando mwembamba usioonekana kwa macho, na utando huo ndio kinga yenyewe. Ukiukwaruza unajirudia, mradi oksijeni ifike. Adui yake mkubwa ni kloridi, na chumvi imejaa kloridi. Haili kisu kizima, inatoboa utando mahali padogo sana, kisha tundu linaendelea kuchimbika kwenda chini wakati sehemu nyingine zote zinang'aa. Hivyo ndivyo vidoa vyako, ndugu Baluku. Na kwa nini kwenye mpini? Maji ya chumvi yanajificha kwenye ule upenyo, hewa haiingii, utando hauwezi kujirudia.

Maji ya Ziwa Katwe yana kloridi, salfeti na kaboneti kwa wingi. Hapo hapo kwenu pana magofu ya kiwanda cha chumvi walichojenga Wajerumani, kikafa mapema kwa sababu maji ya ziwa yalikula mabomba yake. Kama mabomba ya kiwanda yalishindwa, kisu cha dukani kingeponea wapi?

#8 Baluku_Chumvi
Kiwanda hicho nakipita kila siku nikienda bwawani. Wazee wanasema hivyo hivyo, mabomba yalioza kabla mitambo haijazoea kazi. Asante mwalimu. Kwa hiyo stenlesi haina maana kwangu?

#9 Mwalimu_Kemia
Sikusema hivyo. Kaboni kwenye maji hayo italika haraka zaidi, tena ubapa mzima. Tofauti ni kwamba kutu ya kaboni unaiona mapema, iko juu, unaisugua inaondoka. Ya stenlesi inachimba kimyakimya mpaka uikute imeshatoboa.

#10 FundiNyundo (Katwe)
Mwalimu naheshimu, ila kuna sababu nyingine ambayo tunaiona kwenye kazi. Muulizeni kama kisu chake kilipitishwa kwenye grinda ya mtaani kunolewa. Grinda ile ile iliyotoka kukata nondo na mageti. Jiwe linabeba chembe za chuma cha kawaida na kuzikandamiza juu ya stenlesi. Kesho yake chembe zile zinashika kutu, na mwenye kisu anadhani stenlesi ndiyo inayooza. Tunaotengeneza sinki na meza za hoteli tunatenga mawe na brashi za waya za stenlesi peke yake, hazigusi chuma kingine.

#11 Baluku_Chumvi
Kilinolewa kwa grinda, ndiyo. Sokoni, na jamaa anayechomelea milango.

#12 FundiNyundo (Katwe)
Umeona?

#13 Mwalimu_Kemia
Chembe za grinda zinaleta kutu ya rangi ya machungwa kwenye ubapa, pale jiwe lilipopita. Yeye anasema vidoa ni vyeusi, vimechimba, na viko kwenye mpini ambako jiwe halifiki. Bado nasimama na chumvi.

#14 Msafiri_Entebbe
Ngojeni na mimi niweke ya tatu. Visu vingi vya bei ya chini vinaandikwa stenlesi na ni stenlesi kweli, ila havikuchomwa sawasawa kiwandani. Stenlesi ya kisu inataka joto la kama nyuzi 1050 za selsiasi, ikae humo muda wake, halafu ipozwe haraka. Joto likipungua, kromiamu inabaki imefungwa na kaboni kwenye punje ngumu badala ya kuyeyuka na kusambaa. Kromiamu iliyofungwa hailindi chochote. Unapata kisu laini kisichokaa na makali, na bado kinashika kutu. Chuma kile kile kikichomwa vizuri ni kitu kingine kabisa.

Mfano wa wazi ni aina iitwayo D2. Ina kromiamu kama asilimia 12, lakini kaboni yake ni nyingi, karibu 1.5, inameza sehemu kubwa ya kromiamu. Kwa hesabu ya kromiamu ungeiita stenlesi, mkononi inashika kutu.

#15 Boda_Mbarara
Hapa kuna sababu tatu na Baluku bado hana kisu.

#16 Kato_Ndeeba
Hizo nadharia za nini? Kilikuwa bandia. Chukua sumaku uende nayo dukani. Stenlesi halisi haishikwi na sumaku. Ikishika, umeuziwa bati.

#17 Msafiri_Entebbe
Hapana, ndugu Kato, hii ni ya kusahihisha kabla hajaenda nayo dukani. Stenlesi isiyoshikwa na sumaku ni ile ya sufuria, vijiko na sinki, yenye nikeli. Ile haigeuki ngumu kwa moto, kwa hiyo haifai kwa makali. Stenlesi ya kisu, inayochomwa ikawa ngumu, inashikwa na sumaku vizuri tu. Akifuata ushauri wako atakataa visu vizuri vyote na kurudi nyumbani na kijiko.

#18 Kato_Ndeeba
Sawa kwa hilo. Basi mtu wa kawaida atajuaje?

#19 FundiNyundo (Katwe)
Cheche. Gusisha kidogo kwenye grinda, upande wa mkia unaoingia kwenye mpini, pasipoonekana. Chuma cha kaboni kinatoa cheche ndefu, nyeupe au za njano, zinazopasukapasuka mwishoni. Kaboni ikizidi, mipasuko inazidi. Stenlesi cheche zake ni fupi, chache, zina wekundu. Sisi hatuna mashine ya kupima madini, tunasoma cheche.

#20 Hajati_Masese (Jinja)
Nani atakuruhusu kugusisha kisu chake kipya kwenye grinda, fundi? Mwenye duka atakufukuza nacho.

#21 Mvuvi_Kasenyi
Mimi nipo upande wa ziwa kubwa. Maji ya Nyanza, yaani Ziwa Victoria, ni baridi, hayana chumvi, na kisu changu cha stenlesi kinalala ndani ya mtumbwi kwenye maji na magamba. Kutu hakuna. Cha kaboni nilichokuwa nacho zamani, ukikisahau usiku mmoja ndani ya mtumbwi asubuhi kina unga mwekundu. Kwa samaki jibu ni stenlesi, ubapa mwembamba unaopinda kidogo ili ufuate mgongo wa sangara. Baluku, Ziwa George nalo si la chumvi. Tatizo lako ni mabwawa tu.

#22 Mchinjaji_Mbale
Naongeza la buchani. Damu ina chumvi. Kisu cha kaboni ukichinjia ukakiweka pembeni uhudumie mteja, ukirudi kimeota rangi ya samawati na kahawia. Si vibaya, hiyo rangi yenyewe haina sumu, lakini mteja akiiona anadhani ni uchafu, na bwana afya naye anataka kuona chuma cheupe. Kwa hiyo mbele ya watu natumia stenlesi.

Ila nikienda kuchuna ng'ombe kijijini nachukua cha kaboni. Nakipitisha kwenye mgongo wa kisu kingine mara chache, makali yanarudi. Stenlesi niliyo nayo nikiinoa inabaki na unyuzi pembeni ya makali, unauhisi kwa kidole gumba, ukiuondoa huku unahamia kule.

#23 Baluku_Chumvi
Hilo la unyuzi nimelipata pia! Nilidhani sijui kunoa. Ndiyo kusema stenlesi haiwi kali?

#24 Mzee_Tupa (Mbale)
Haiwi. Nimenoa visu tangu ujana wangu, chuma cheusi kinakuwa wembe, cheupe kinakuwa kisu cha mkate.

#25 Mwalimu_Kemia
Mzee shikamoo. Wembe unaonyolea ndevu ni wa nini?

#26 Mzee_Tupa (Mbale)
Marahaba. Wa chuma.

#27 Mwalimu_Kemia
Wa stenlesi, mzee, tangu miaka ya 1960 karibu nyembe zote za dukani ni stenlesi. Ina kromiamu kama asilimia 13 na punje ndogo sana, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba haikati. Kwa hiyo si kromiamu inayozuia ukali.

#28 Mchinjaji_Mbale
Basi unyuzi unatoka wapi?

#29 Msafiri_Entebbe
Mimi nasema ulaini. Stenlesi ya bei ya chini inaachwa laini makusudi ili isivunjike na watu wasirudishe dukani. Chuma laini kinapinda kwenye jiwe badala ya kukatika, ndiyo unyuzi.

#30 FundiNyundo (Katwe)
Mimi nasema jiwe. Hapa wengi tunanoa kwa jiwe la mtoni au sementi ya mlangoni. Jiwe hilo linakula chuma cheusi vizuri. Stenlesi ngumu yenye punje za kromiamu inataka jiwe kali zaidi, la kiwandani, au msasa wa maji uliobandikwa juu ya kioo. Watu wanalaumu kisu na kosa ni la jiwe.

#31 Mchinjaji_Mbale
Na mimi nikivitazama kwa karibu naona jambo jingine: unene. Nimeweka viwili mezani sasa hivi. Cha kaboni, alichofua mtu wa kwetu, kimeshuka taratibu kutoka mgongoni mpaka kwenye makali, nyuma ya makali ni chembamba, kucha ikikisukuma unaona panatikisika. Cha stenlesi cha kiwanda kina unene ule ule karibu mpaka chini, halafu kimekatwa ghafla makali mafupi. Hata kingekuwa chuma cha namna gani, kile cha pili kinapasua nyama, hakikati. Hilo halihusiani na kutu wala kromiamu.

#32 Hajati_Masese (Jinja)
Mchinjaji amesema kweli. Kisu changu ninachokisifu ni chembamba. Kile kinene alichoniletea mwanangu nafungulia makopo.

#33 Mzee_Tupa (Mbale)
Vijana, nimesoma yote. La wembe nimelikubali, lakini kisu si wembe, wembe unatupwa. Kisu kinanolewa na mwenye nacho kwa vitu alivyonavyo. Mimi visu vyangu natengeneza kwa tupa kuukuu. Naipaka udongo, naichoma mpaka iwe nyekundu, naiacha ipoe ndani ya majivu usiku kucha ilainike, naichonga, kisha nairudisha motoni na kuizimisha kwenye mafuta. Mwisho inapashwa pole pole mpaka rangi ya majani makavu itokee kwenye chuma kilichosuguliwa. Ikifika hapo, toa. Ikipita ikawa ya samawati, makali yamelainika mno kwa kisu kidogo, hiyo ni ya springi.

#34 Msafiri_Entebbe
Mzee, somo zuri. Tahadhari moja kwa wanaotaka kuiga: tupa nyingi za siku hizi za bei nafuu ni chuma laini kilichoshibishwa kaboni juu tu. Ukichonga, gamba gumu linaondoka na unabaki na chuma kisichokaza. Zile za zamani zilikuwa kaboni mpaka katikati, karibu asilimia 1. Vunja ncha kidogo uangalie: kama ndani na nje ni rangi moja na chembe ndogo sawasawa, endelea.

#35 Afande_Bombo
Wakubwa, naongea kama mtu aliyelala porini kikazi. Kule hakuna jiwe la kiwandani, hakuna msasa wa maji. Kisu cha kaboni unakinoa kwenye jiwe lolote laini la mtoni, na mgongo wake ukiugonga kwa jiwe gumu jeupe la kwarizi unatoa cheche za kuwasha ufumwale. Stenlesi haitoi za kutosha. Kutu yake ni suala la nidhamu tu: ukimaliza, futa, paka mafuta, rudisha.

#36 Kato_Ndeeba
Afande, kiberiti ni shilingi ngapi?

#37 Afande_Bombo
Kilicholowa hakina bei, mwanangu.

#38 Binti_Arua
Kwenye mafuta ndipo ninapotaka kusema. Watu wengi wanapaka mafuta ya kupikia na baada ya wiki kadhaa kisu kinanata na vumbi limeganda juu. Mafuta ya alizeti na yanayofanana nayo yanakauka yakawa gundi. Huku West Nile tunapaka mafuta ya shea. Shea ya kwetu ni laini, inayeyuka kwa joto la mkono, na haigandi upesi namna ile. Ukichanganya na nta kidogo ya nyuki unapata kitu kizito kinachokaa kwenye chuma hata mvua ikipiga. Nasugua na kitambaa mpaka isionekane, na ni salama kwa chakula.

#39 Mvuvi_Kasenyi
Mafuta ya shea kwenye kisu? Yale wake zetu wananunua kwa kichupa?

#40 Binti_Arua
Huku tunayakamua wenyewe, kaka. Na kisu kidogo kinakula tone moja.

#41 Baluku_Chumvi
Nashukuru wote. Nimemuuliza mama kuhusu kisu cha babu. Anasema hakuna aliyewahi kukipaka chochote. Kinakaa kimechomekwa kwenye fito juu ya mafiga. Sasa hapo nieleweshwe: kimeishije?

#42 Mwalimu_Kemia
Tanini. Utomvu wa ndizi, chai, maganda, vyote vina tanini. Ikikutana na chuma inatengeneza kitu cheusi kinachoshika juu na kupunguza kasi ya kutu nyekundu. Weusi unaomkera Hajati ndio umekilinda kisu cha babu. Wanaojua hukitumbukiza kisu kipya cha kaboni kwenye chai ya rangi iliyokolea sana au siki, makusudi, kipate weusi huo kabla hakijaanza kazi.

#43 Mchinjaji_Mbale
Mimi naona ni moshi. Juu ya mafiga ni pakavu siku zote, moto haujazimika nyumba ile miaka mingapi? Kutu inataka maji. Chukua kisu hicho hicho ukiweke kwenye droo ya Kampala mwezi wa Aprili uone.

#44 Dereva_Malaba
Au ni matumizi. Kisu kinachokata kila siku hakipati muda wa kuoza. Vinavyooza ni vile vya kuhifadhiwa.

#45 Msafiri_Entebbe
Na kuna jambo hatulisemi: visu vya babu vilivyooza havipo tuvione. Alikuwa na vingapi? Vilivyokufa vilitupwa, kimebaki kimoja ndicho tunachokipigia mfano kwamba chuma cha zamani kilikuwa bora. Huenda kilikuwa bora. Huenda kilikuwa na bahati ya mahali pa kukaa.

#46 Mzee_Tupa (Mbale)
Chuma cha zamani usikidharau. Majembe ya Bunyoro yaliuzwa mbali kabla reli haijafika. Walabwor wa kule Abim walifua mikuki Wakaramoja wakaibeba. Na wale Wakaramoja wana kisu cha duara cha kuvaa kwenye kifundo cha mkono, makali yako nje pande zote, yamefunikwa kwa ukanda wa ngozi. Unatoa ukanda unakata nyama, mikono yote miwili iko huru. Nani kati yenu amewahi kuona kitu kama hicho cha stenlesi?

#47 Kato_Ndeeba
Banange, tumetoka kwenye kisu cha Baluku tumefika Karamoja. Lakini mzee endelea, hayo ya kifundo cha mkono nilikuwa sijui.

#48 Dereva_Malaba
Nirudishe uzi barabarani. Mimi natembea na kisu cha Mora cha Uswidi, aliniletea shemeji. Kampuni hiyo inatoa kisu kile kile kwa chuma cha aina mbili, kaboni na stenlesi, mpini huo huo wa plastiki. Stenlesi yao, 12C27, ina kromiamu kama asilimia 13.5 na kaboni 0.6, imechomwa vizuri, na inanoleka kwa jiwe la kawaida bila ugomvi. Nimeshatumia zote mbili na kwa kukata kamba za turubai sioni tofauti. Tofauti niliiona siku nilipokata maembe na kusahau kuosha. Kwa hiyo kwangu swali la kaboni au stenlesi ni la pili. La kwanza ni nani aliyekichoma.

#49 FundiNyundo (Katwe)
Dereva amegusa penyewe. Kwa mkaa na mivukuto naweza kukuchomea springi sawasawa. Nafuata sumaku: chuma kikifika kama nyuzi 770 kinaacha kushikwa, naongeza kidogo tu, nazimisha kwenye mafuta ya kupikia niliyoyapasha kidogo. Oili chafu ya injini tumeiacha, moshi wake unaua kifua. Kisha napasha tena kwenye nyuzi kama 200, saa moja au mbili, mara mbili. Hiyo kazi naimudu na naweza kuisimamia. Stenlesi siwezi kukudanganya. Nyuzi 1050 kwa mkaa, kuishikilia hapo bila kuunguza, bila kipimo? Anayekuambia anafua stenlesi kibandani anakupa kisu laini kinachong'aa. Kwa hiyo Baluku, ukienda kwa fundi, chukua springi. Ukitaka stenlesi, nunua ya kiwanda kinachojulikana.

#50 Hajati_Masese (Jinja)
Na ukinunua ya kiwanda, chukua nyembamba.

#51 Mvuvi_Kasenyi
Na usipeleke bwawani. Bwawani peleka kipande cha msumeno kilichofungwa mpira, kikioza tupa.

#52 Baluku_Chumvi
Nimefika kwa fundi leo. Springi aliyonayo ni ya Fuso, ametoa jani moja lenye tundu la bolti katikati, anataka kuanzia hapo kwa sababu ni pazito. Ala atanishonea ya ngozi ya ng'ombe. Ya stenlesi sijaiacha, mwenye duka ananiwekea mpaka Jumamosi. Kuna la kumwambia fundi kabla hajawasha moto?

#53 FundiNyundo (Katwe)
Asianzie kwenye tundu. Springi iliyobeba mizigo miaka mingi inapata nyufa, na hukaa zaidi pale kwenye bolti na pale jani linapopinda sana. Achukue upande wa ncha. Alisugue kwa msasa mpaka liwe jeupe, alipake mafuta ya taa, alifute, kisha alinyunyizie unga wa chaki. Penye ufa mafuta yatatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Mstari ukionekana, akate mbele yake. Na asizimishe kwenye maji, springi hiyo kwenye maji inapasuka.

#54 Binti_Arua
Ala ya ngozi isiwe nyumba ya kulala. Ngozi inanyonya jasho na maji ya chumvi na kuyashikilia kwenye chuma. Mchana vaa, usiku toa kisu, kiweke nje ya ala.

#55 Mwalimu_Kemia
Hata ukichukua ile ya stenlesi, ushauri wa Binti ni ule ule. Na ukitoka bwawani suuza kwa maji baridi ya mvua kabla chumvi haijakauka, pale kwenye mpini hasa. Mwambie fundi azibe upenyo wa mpini kwa nta au gundi, maji yasiingie.

#56 Mzee_Tupa (Mbale)
Gundi ya siku hizi inaachia. Azibe kwa nta na riveti tatu, si mbili.

#57 FundiNyundo (Katwe)
Mbili zinatosha kwa mpini mdogo hivyo, mzee. Ya tatu inaongeza tundu jingine la maji kuingilia.